Ukurasa Mmoja

Alikuja na daftari la hesabu, la mraba,
akauliza ukurasa ni bei gani.
Kuchapa hamsini, nakala tano tano.
Akahesabu sarafu kwa kidole gumba, ameinama,
kama anayesoma mita.

Na ndiyo kazi aliyoistaafu, Chengo wa Nzai.
Miaka thelathini na moja ya kufunua vifuniko vya chuma,
Shella, Muyeye, Maweni, Barani,
akiandika namba za maji yasiyopita.
"Hewa nayo huzungusha mita, Barke.
Nimewatoza watu pesa za upepo."
Sasa anautaka umeya wa Malindi.

"Andika, herufi kubwa: VIPAUMBELE VYA MGOMBEA.
Moja, kuboresha miundombinu.
Mbili, kuimarisha uwekezaji endelevu.
Tatu, kuwahusisha wadau."
Wadau gani? nikauliza.
"Wadau tu. Weka wadau."
Nikaweka wadau.

Tulipofika la tisa ukurasa ulikuwa umejaa
naye hana hamsini ya pili.
Tukaanza kupunguza, kama fundi
anayepunguza kanzu ya marehemu imfae mtoto.
Uwanja wa mpira, toka.
Uwanja wa ndege, toka.
"Huo ni wa serikali, hata haukuwa wangu."
Wadau wakabaki, sijui kwa nini.

Kisha stima ikakatika.
Feni ikajikokota, ikasimama.
Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na ndani yake
nikatuona sisi wawili, na soko nyuma yetu.
Sikuwa nimehifadhi hata neno moja.

Nilingoja anitukane.
Akavuta kreti la soda, akakaa.
"Basi andika kwa mkono."
Nikageuza karatasi ya mtihani wa darasa la saba,
upande mweupe.

Gizani hakutafuta maneno.

"Bi Zuhura Kombo, Barani.
Bomba lake lina utando wa buibui tangu mvua za El Nino.
Apate maji kabla hoteli hazijajaza mabwawa.

"Wanawake wa sokoni: choo.
Chenye kitasa kwa ndani.
Wasiende tena kumwomba yule mwenye duka la vitenge,
ana ufunguo na ana maneno.

"Mtaro wa Maweni.
Usizibuliwe siku ya kuja mgeni rasmi.
Uzibuliwe Jumanne, Jumanne tu ya watu.

"Kisumu Ndogo, kona ya kinyozi,
ile nguzo ya taa isiyo na balbu mwaka wa nne huu,
watoto wanaiita bwana harusi:
imesimama, imenyooka, haijaletewa mtu."

Hapo akacheka peke yake, kisha akanyamaza
mpaka nikadhani amemaliza.

"Na zile pesa za upepo.
Andika nitazirudisha."
Utazirudishaje?
"Sijui. Andika kwanza."

Nikaandika. Jasho la kiganja likaloesha pembe ya karatasi
na neno *upepo* likatanuka kidogo.

Stima iliporudi soko zima likapiga ukelele mmoja
kama timu ya nyumbani imefunga.
Nikawasha mashine. Nikamwuliza,
nikuchapie ipi, hii, au ile ya wadau?
Akautazama ule mwandiko wangu wa haraka,
herufi zimelaliana kama abiria wa usiku.
"Hii. Kama ilivyo. Usinyooshe kitu.
Ya kuchapa nimeokoa, nipe nakala kumi."

Zikatoka moja moja, zina joto.
Karatasi ilikuwa nyepesi, na wino wa mtihani mzito:
nyuma ya bomba la Bi Zuhura,
nyuma ya choo na mtaro na bwana harusi,
yakachungulia maandishi ya kinyumenyume,
hafifu, yanasomeka ukitaka:

*Chagua jibu lililo sahihi zaidi.*

Nilitaka kuzirudia. Nina karatasi nzito kabatini.
Alikwisha kuzikunja, kaziweka mfuko wa shati,
pale palipokaa zamani kalamu ya kampuni,
palipo na doa la buluu lisilotoka.